Vidanje (kubadilisha mafuta ya injini) nyumbani Goma: nianzie wapi kwenye uwanja wa mawe ya lava?

MamaWaHimbi (Goma)

Jambo kwenu nyote. Nina Toyota Probox ya esansi (petroli), injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ambayo naitumia kusambaza unga na sabuni kutoka Birere hadi kwenye maduka ya Ndosho na Keshero, na mara moja au mbili kwa juma naifikisha Sake. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikifanyiwa vidanje kwenye garaji moja hapa mjini, nikikaa kwenye kiti pembeni hadi niambiwe kwamba kazi imekwisha. Safari iliyotangulia ya mwisho, kaka yangu alinishauri niandike tarehe kwenye filta ya mafuta kwa kalamu nyeupe ya rangi, nami nikafanya hivyo. Safari ya mwisho nililipia mafuta mapya na filta mpya. Siku kumi baadaye niliona doa la mafuta mahali ninapoegesha gari, nikajilaza juu ya mkeka na kuchungulia kwa tochi. Filta ilikuwa imefutwa ikang'aa kama mpya, lakini upande wa nyuma, mahali ambapo kitambaa hakikufika, tarehe yangu ilikuwa bado inasomeka.

Sitaji garaji hiyo wala sitafuti ugomvi na mtu. Ninachotaka ni kuifanya kazi hii kwa mikono yangu mwenyewe, maana gari hili ndilo linalolipa ada ya shule ya watoto wangu. Shida ni kwamba uwanja wangu ni wa mawe ya lava, haukusawazishwa vizuri, na ninayo jeki ndogo tu, kriki ile iliyokuja na gari. Majirani wananiambia nipandishe gari juu ya mawe makubwa. Muuzaji wa mafuta naye ananisukumia 20W-50 akisema kwamba ndiyo inayofaa Afrika kwa sababu ya joto, ilhali mfuniko wa injini yangu umeandikwa 5W-30. Tena sijui mafuta machafu niyapeleke wapi. Tafadhali nielekezeni hatua kwa hatua, na msiogope kuandika kwa urefu.

FundiWaIbanda (Bukavu)

Mama, pole kwa yaliyokupata, na umefanya vema kuandika tarehe ile. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari hapa Bukavu kwa zaidi ya miaka 30, na nakuambia kwamba vidanje si kazi ngumu. Sehemu yake ya hatari ni moja tu, nayo ndiyo nitakayoizungumzia kwanza na kwa kirefu: gari litasimamaje wakati wewe uko chini yake.

Usipandishe gari juu ya mawe ya lava, hata kama jirani amefanya hivyo mara kumi. Litazame jiwe hilo kwa karibu, uone lilivyojaa matundu kama mkate. Gesi ndiyo iliyoyaacha wakati lava inapoa. Jiwe la namna hiyo hubeba uzito leo na kesho, kisha siku moja hupasuka ghafla bila kutoa sauti ya kukuonya. Tofali la saruji lenye matundu lina tabia hiyo hiyo. Probox tupu ina uzito wa takriban tani moja, na kifua cha binadamu hakihitaji hata robo yake. Jeki nayo ni chombo cha kuinulia, si chombo cha kushikilia. Hakuna fundi mwenye akili anayeingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kwako wewe, njia rahisi na salama kuliko zote ni kumwendea seremala akuchongee njia mbili za kupandia. Achukue mbao nene za sentimita 5, zenye upana wa sentimita 30 au zaidi, azipange kama ngazi kwa kuipigilia kila moja juu ya nyingine, ya chini iwe ndefu na ya juu iwe fupi, mpaka kimo kifike sentimita 15 au 20. Kwenye ukingo wa mbele apigilie kipande cha kuzuia gurudumu lisipitilize. Kwa kuwa uwanja wako haukusawazika, chagua sehemu moja, ondoa mawe yaliyochomoza, mwaga changarawe na uishindilie mpaka ubao ulale bila kucheza. Kisha pandisha magurudumu ya mbele polepole, mtu akikuongoza, vuta breki ya mkono, weka gia ya P kama gari ni otomatiki au gia ya kwanza kama ni ya kawaida, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao mbele na nyuma. Kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa bega lako. Likitikisika, shusha uanze upya.

Sasa kazi yenyewe. Washa injini kwa dakika kama tano, uizime. Mafuta ya uvuguvugu hutiririka vizuri na kuubeba uchafu, lakini mafuta ya gari lililotoka safarini huunguza ngozi vibaya, kwa hiyo ukiwa umetoka Sake subiri kwanza. Fungua mfuniko wa juu wa kujazia ili hewa ipite. Chini ya injini, kwenye sinia la mafuta, utaona boliti inayofunguliwa kwa spana ya 14. Tumia spana ya duara au soketi, si ile ya mdomo wazi, kwa sababu hiyo hula pembe za boliti. Ukishailegeza, iendeleze kwa vidole huku ukiibana kwenda ndani, ili usimwagikiwe kabla hujawa tayari, halafu iondoe kwa mkupuo mmoja na mkono wako uondoke pamoja nayo. Acha yatiririke dakika 10 au 15, mpaka yawe matone ya mbali mbali.

Boliti hiyo ina kipete chembamba cha kuzuia uvujaji. Nunua kipya kila mara. Ni kitu cha bei ndogo sana, na doa uliloliona penginepo lilitokana na kipete kilichobanwa mara nyingi. Anza kufunga kwa vidole. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, usiilazimishe, maana imeingia upande na utaharibu hesi za tundu. Toyota inataka nguvu ya takriban niutoni-mita 37, ambayo kwa spana ya sentimita 20 ni sawa na kuvuta mwisho wake kwa nguvu ya kilo 19 hivi. Huo ni mvuto wa mkono mmoja wa mtu mzima bila kuegemea kwa mwili. Vijana wengi hupiga spana kwa mguu wakidhani wanamtendea mteja wema, kisha anayefuata anakuta hesi zimekwisha.

Filta huifikia kutoka chini. Ikitoka, hakikisha kwamba mpira wake wa duara umetoka pamoja nayo. Ukibaki umegandamana na injini na ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili haitashikana, na mafuta yatatoka yote ndani ya dakika chache. Paka mafuta mapya kwenye mpira wa filta mpya kwa kidole, izungushe mpaka mpira uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Kwa mkono, Mama, si kwa spana. Usiache kuandika tarehe yako.

Injini yako huchukua lita 3.7 ikiwa umebadilisha na filta. Tia lita 3.4 kwanza, funga, washa. Taa nyekundu ya mafuta izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima mara moja. Iache injini ingurume kidogo huku ukichungulia chini, kisha izime, lishushe gari mahali palipo sawa, subiri dakika tano na usome kijiti cha kupimia. Ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu bila kuipita. Mafuta yakizidi, shafti kubwa ya injini huyapiga yakawa povu, na povu halilainishi chuma.

KijanaWaKamalondo (Lubumbashi)

Salamu kwa Mama, na heshima kwa Mzee Fundi, ambaye maelezo yake nimeyahifadhi. Naomba kusema neno juu ya 20W-50, kwa sababu hapa Lubumbashi wengi tunaitumia na magari yanatembea. Pikapu ya baba yangu, ya esansi, ina kilomita nyingi sana. Tulipoitia 5W-30 ilianza kutoa moshi wa buluu na kelele, na tuliporudi kwenye 20W-50 ikatulia. Mwezi wa Oktoba hapa joto ni kali. Je, si kweli kwamba mafuta mazito hulinda zaidi?

Neno la pili ni kuhusu muda wa kubadilisha. Watu huhesabu kilomita peke yake, na mimi naona hilo linawadanganya wenzetu wa Goma. Nikienda Likasi, kilomita 120 hivi za lami, kwa mwendo wa 80, kilomita 5,000 zinaniishia kwa saa 63 za injini. Mama akienda kwa wastani wa 20 kwa saa, kati ya msongamano wa Birere na mashimo ya njiani, kilomita hizo hizo 5,000 ni saa 250. Injini yake imezunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita zile zile, na vumbi juu yake.

FundiWaIbanda (Bukavu)

Ndugu yangu, hesabu yako ya saa ni nzuri na ningependa kila dereva aisome. Kwa gari la Mama, kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, ndiyo mwisho; akipunguza hadi 4,000 katika miezi ya kiangazi sitamlaumu. Tena asiisahau filta ya hewa. Vumbi la Goma ni lava iliyosagwa na matairi, na lava ni jiwe. Likipenya filta iliyotoboka, linaingia kwenye silinda na kula chuma kama msasa, wala mafuta mapya hayatalizuia. Aitoe kila mwezi na kuitazama dhidi ya mwanga. Ikiwa imeziba aibadilishe. Kuipuliza kwa hewa yenye nguvu kutoka ndani kwenda nje kunasaidia mara moja au mbili, lakini karatasi yake hudhoofika.

Kuhusu 20W-50, hatupingani sana. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaeleza jinsi mafuta yanavyotembea injini ikiwa baridi. Namba ya pili inaeleza uzito wake yakiwa kwenye joto la nyuzi 100, ambalo ndilo joto la kazi. Namba ya pili ikiwa 30, uzito huo huwa kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha sentistoki. Ikiwa 50, huanzia 16.3 na kuendelea. Pikapu ya mzee wako imelika, nafasi kati ya pete na silinda zimepanuka, na mafuta mazito huziba nafasi hizo. Hiyo ni njia ya kuishi na ugonjwa, nami siwezi kumnyima mtu asiye na fedha za kufungua injini.

Injini ya Mama ni jambo jingine. Ina mfumo wa VVT-i, ambao hubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia shinikizo la mafuta hayo hayo yakipita kwenye vijia vyembamba, na mnyororo wake wa kuendeshea valvu nao hukazwa kwa mafuta. Goma iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, asubuhi ni za baridi, na hata mchana joto lake halifanani na la pwani. Mtu anayesema kwamba Afrika yote ni joto moja hajawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kule Himbi. Mafuta ya 20W-50 alfajiri hiyo huchelewa kupanda juu, na dakika hizo za mwanzo ndizo zinazoila injini. Atie 5W-30 kama mfuniko unavyosema. Asipoipata iliyo halisi, 10W-30 inamfaa. Na injini ikianza kunywa mafuta, basi 10W-40. Kwenye bidoni (dumu la mafuta) atafute alama ya API, yaani daraja la ubora wa mafuta, yenye herufi S mwanzoni, ambayo ni ya injini za esansi. SN ni ya mwaka 2010, na SP ni ya 2020 na ni bora zaidi. Herufi C ni ya mazutu, yaani dizeli.

Ninachokiogopa zaidi ni mafuta ya kughushi. Bidoni tupu za kampuni kubwa huokotwa, hujazwa mafuta yaliyochujwa na kuuzwa tena. Nunua mahali utakapoweza kurudi kuuliza, angalia kwamba pete ya mfuniko haijakatika na kwamba tarehe iliyopigwa kwenye plastiki haijafutwa. Ukimaliza, toboa bidoni yako kwa msumari katika sehemu mbili kabla ya kuitupa.

DadaWaZiwani (Goma)

Dada yangu wa Himbi, swali lako la mwisho halijajibiwa, na mimi ndilo linalonigusa, kwa sababu nyumbani kwetu tunateka maji ziwani. Kila asubuhi watoto hushuka na bidoni za manjano, na wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, huzipandisha kwenda mitaa ya juu. Hapa Goma mvua ikinyesha huoni mto. Maji hupotelea kwenye nyufa za lava na kushuka chini kwa chini kuelekea Kivu. Kwa hiyo mtu anayemwaga mafuta machafu kwenye ufa ulio nyuma ya nyumba, akaona yamemezwa na hakuna alama, asidhani kwamba yamekwisha. Idara ya mazingira ya Marekani imekuwa ikiwaeleza watu wake kwamba mafuta ya vidanje moja yanaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, yaani karibu lita milioni 3.8.

Nakuomba uyakinge yote kwenye beseni pana, uyamimine kwa faneli kwenye bidoni zile zile ulizonunulia mafuta mapya, na uzitoboe baadaye, zikishakuwa tupu. Usiyachanganye na maji, esansi wala maji ya rejeta, kwa maana yakichanganywa hakuna atakayeyataka. Wafyatuaji wa matofali ya saruji huyahitaji kwa kupaka kalibu zao ili tofali lisigande, na wapasuaji wa mbao huyatia kwenye minyororo ya misumeno. Waulize kwanza wanavyoyatunza. Mimi huwapa wale tu ambao wana pipa lenye mfuniko. Filta ya zamani ining'inize juu ya beseni usiku kucha, mdomo ukiwa chini, kwa sababu inabaki na mafuta mengi kuliko unavyodhani.

Vaa glavu. Mafuta yaliyotumika yana masizi na kemikali ambazo, zikizoea kugusa ngozi, huweza kuleta saratani. Nimewaona vijana wa garaji wakinawa mikono kwa esansi, nayo hufungua ngozi na kuongeza ubaya. Sabuni na maranda ya mbao vinatosha.

MamaWaHimbi (Goma)

Aksanti sana, Mzee Fundi, Dada, na wewe kijana wa Lubumbashi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya, ndipo niandike.

Seremala wa Katindo alinichongea njia mbili kwa siku moja, za ngazi tatu, sentimita 15. Mara ya kwanza nilipolisukuma gari kwa bega, ubao wa kushoto ulicheza. Nikalishusha, nikaongeza changarawe na kuipiga kwa nyundo kubwa, na mara ya pili halikutikisika. Mwanangu wa kwanza alikaa kando ya mlango, nikiwa nimemkataza kuingia garini au kugusa chochote mpaka nitoke chini.

Boliti ilikuwa imekazwa hivi kwamba nililazimika kutumia soketi yenye mkono mrefu. Ilipotoka niliona kwamba haikuwa na kipete kimoja bali viwili, kimoja juu ya kingine, vyote vimepondeka. Doa langu lilikuwa linatoka hapo. Mafuta yalikuwa meusi kama wino na mazito, na nilipoyasugua kati ya vidole vyenye glavu sikuhisi mchanga, jambo lililonipa moyo. Filta nayo ilitoka na mpira wake. Nilipanga zote mbili kwenye gazeti, ya zamani na mpya, nikailinganisha mipira yake kabla ya kufunga.

Lita 3.4 zilipoingia, taa ilizimika nilipohesabu tatu. Baada ya kushusha gari na kusubiri, kijiti kilionyesha chini kidogo ya alama ya juu, nami sikuongeza tena. Filta ya hewa ilikuwa imejaa unga mweusi mpaka ndani ya mikunjo, na kwenye kona moja mwanga ulipenya. Nimeibadilisha siku hiyo hiyo. Mafuta machafu, lita tatu na kitu, yako kwa mfyatua matofali mwenye pipa la mfuniko, karibu na barabara ya uwanja wa ndege.

Je, kuna jambo lolote ninalopaswa kuliangalia sasa?

FundiWaIbanda (Bukavu)

Mama, umeifanya kazi kama inavyotakiwa, na vipete viwili ulivyovikuta vinanieleza mengi juu ya waliokutangulia. Leo usiku tandika kartoni safi chini ya injini, uiache mpaka asubuhi. Kabla ya kuwasha, soma kijiti tena, maana filta mpya hunywa kidogo ikijaa. Rudia kukisoma baada ya siku tatu za kazi, na baada ya hapo kila Jumamosi. Boliti usiikaze tena hata kama moyo unakusukuma.

MamaWaHimbi (Goma)

Nimeamka saa kumi na moja, nikaivuta kartoni na kuitazama kwa tochi. Kulikuwa na tone moja dogo upande wa kulia, mbali na boliti. Nililifuata kwa kidole juu ya chuma na kukuta ni mabaki yaliyomwagika nilipokuwa natoa filta. Nimeyafuta. Nimetandika kartoni nyingine, na asubuhi ya leo ilikuwa kavu. Kijiti kilikuwa kimeshuka kidogo, nikaongeza nusu kikombe cha chai. Naondoka sasa kwenda Ndosho na mzigo.